Karata, Piza na Sheria ya Mwaka 1802: Uchambuzi wa Kisa cha Poka ya Nyumbani Mount Pleasant

Mwezi Aprili 2006 polisi wa Mount Pleasant, mji ulio ng'ambo ya mto Cooper ukitokea Charleston katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, waliingia katika nyumba moja ya kupanga wakakuta watu wamezunguka meza wakicheza poka. Haikuwa kasino. Ilikuwa nyumba ya kuishi, ya mpangaji aliyekuwa na mazoea ya kuwaalika watu wacheze kwake, na fedha iliyoshindaniwa ilikuwa ndogo: aliyetaka kuketi mezani aliingia kwa dola 5, na hakuruhusiwa kuzidisha 20. Waliokutwa wakicheza walishtakiwa. Wengine waliona heri walipe faini yaishe; watano walikataa, wakasema walilokuwa wakilifanya si kosa, na ubishi wao ukapanda ngazi tatu za mahakama mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo ilipoufunga tarehe 21 Novemba 2012. Ni zaidi ya miaka sita ya mabishano, kwa kosa ambalo adhabu yake ya juu kabisa kwa mchezaji ni faini ya dola 100 au kifungo cha siku 30.

Anayeuliza kama ni halali kucheza poka nyumbani kwa fedha huanza kwa kuuliza juu ya karata: je, huu ni mchezo wa bahati au wa ujuzi? Mawakili wa watu hawa watano nao walianzia hapo, na sehemu kubwa ya nguvu zao ikaishia hapo. Nitaeleza kwa nini naona kwamba swali hilo, pamoja na utamu wake wote, halikuwa swali la kesi hii. Sheria iliyowashika haikuuliza wanacheza nini tu, bali iliuliza wanachezea wapi, na nani anafaidika kwa wao kuwapo hapo.

Kifungu chenyewe ni cha 16-19-40 katika sheria za South Carolina, ambacho asili yake ni mwaka 1802, na ukikisoma utadhani umeshika orodha ya mirathi ya shamba la kale. Kinakataza kucheza katika baa, nyumba ya wageni, duka la kuuzia pombe, nyumba inayotumiwa kama mahali pa kamari, ghala, jiko, zizi la farasi au banda lolote la nje, barabarani, msituni, kwenye kiwanja cha mbio na mahali popote palipo wazi. Msomaji asishangae kuona jiko limetajwa pamoja na zizi. Katika majumba ya kusini mwa Marekani ya wakati ule jiko lilikuwa jengo la peke yake nyuma ya nyumba, kama lilivyo jiko la uani kwetu, na huko nyuma ndiko watu walikojificha na karata zao.

Baada ya mahali inafuata michezo. Wa kwanza kutajwa ni "mchezo wowote wa karata au dadu," kisha meza za kamari za aina mbalimbali ambazo baadhi ya majina yake leo hayajulikani hata kwa wenyeji. Mwishoni imeruhusiwa michezo michache, kwa sharti kwamba pasiwe na dau juu yake: biliadi, mchezo wa kuviringisha mipira uitwao bowls, bakgamoni, sataranji, drafti, na mchezo wa karata uitwao whist. Sharti hilo linaleta jambo la ajabu kidogo. Ikiwa michezo sita tu ndiyo iliyosamehewa pale isipochezewa fedha, basi kwa usomaji wa neno kwa neno mchezo mwingine wowote wa karata au dadu ni haramu hata usipochezewa senti. Watoto wanaorusha dadu ili wasogeze vipande vyao kwenye ubao wa Monopoly wangekuwa wahalifu iwapo wamekaa mahali palipotajwa. Hakuna mwendesha mashtaka mwenye akili timamu angewafungulia kesi, lakini mtu anayetaka kuonyesha kwamba sheria haieleweki anaanza na mfano huo huo, na mawakili wa upande wa utetezi hawakuuacha.

Mashtaka kwa hiyo yalikuwa na nguzo mbili. Ya kwanza ni kwamba washtakiwa walicheza karata. Hilo halikuwa na ubishi, na wala hawakulikana. Ya pili ni kwamba walizichezea katika nyumba inayotumiwa kama mahali pa kamari. Hapa maneno yana uzito. Ghala, jiko na zizi vimetajwa bila kifafanuzi chochote, lakini nyumba haikutajwa hivi hivi, imefungwa kwa maneno yanayofuata. Kama kila nyumba ambayo karata zimechangwa ndani yake mara moja ingekuwa "mahali pa kamari" kwa sababu hiyo tu, maneno hayo yangekuwa pambo lisilo na kazi, na mahakama hazipendi kuisoma sheria kana kwamba bunge liliandika ili kujaza karatasi. Nyumba ya kawaida, yaani sebule ambayo mashemeji wanakutana mara moja moja na kuwekeana dola mbili tatu, ni kitu kimoja. Nyumba inayojulikana kwa kuchezewa, ambayo mgeni huiendea kwa sababu hiyo, ni kitu kingine. Kesi nzima ingeweza kubishaniwa kwenye mstari huo.

Badala yake ilibishaniwa kwenye karata, na lazima nikiri kwamba ubishi huo ulikuwa mzuri. Poka iliyochezwa ni ile ya Texas Hold'em, ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano zikafunuliwa mezani kwa ajili ya wote, na kati ya hatua hizo watu huongeza dau mara nne. Karata unazopewa hukuzichagua. Lakini ukishazipata, kila kinachofuata ni uamuzi wako: kuingia, kupandisha, kuzitupa, au kumtisha mwenzako kwa danganya toto mpaka azitupe zake zilizo bora kuliko zako. Migawo mingi huisha bila mtu yeyote kufunua alichonacho, na hapo ni vigumu kusema mshindi ameshinda kwa karata. Aliyekulia kwenye baraza na kucheza wahedi wa sitini anajua ukweli huu bila kuambiwa na profesa. Mgawo mbaya humpata kila mtu, lakini mwisho wa mwezi ukihesabu nani kashinda mara nyingi, majina ni yale yale.

Upande wa utetezi haukutegemea hekima ya barazani. Uliita profesa wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Denver, Robert Hannum, na mchezaji maarufu Mike Sexton, ambaye watazamaji wa televisheni walimfahamu kama mtangazaji wa World Poker Tour. Wote wawili walieleza kwamba katika mchezo huu ujuzi unaizidi bahati. Hakimu wa mahakama ya manispaa aliwasikiliza, akakubaliana nao, akaandika kwamba Texas Hold'em ni mchezo unaotawaliwa na ujuzi, kisha mwaka 2009 akawatia washtakiwa hatiani. Sababu yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Kifungu kinasema mchezo wowote wa karata, na yeye, akiwa hakimu wa ngazi ya chini, hakuona palipoandikwa kwamba mchezo wa ujuzi umesamehewa. Nakihesabu kitendo hicho kuwa uaminifu adimu, kwa kuwa hakupindisha ushahidi ili ulingane na hukumu, wala hukumu ili ilingane na ushahidi.

Kwenye rufaa ya kwanza upepo uligeuka. Jaji wa mahakama ya ngazi ya kati alizifuta hukumu zile, akishika kipimo kinachotumika katika majimbo kadhaa ya Marekani, ambacho huuliza kipi kinatawala matokeo, bahati au ujuzi. Kwa kipimo hicho, shughuli haiwi kamari mpaka bahati iwe ndiyo yenye sehemu kubwa. Mji ukakata rufaa, na faili likafika Mahakama ya Juu ya jimbo.

Majaji waliounda wingi katika mahakama hiyo waliondoa ubishi wa karata mezani kwa sentensi chache. Walisema kwamba, chini ya sheria za South Carolina, kinachofanya jambo liwe kamari si uwiano wa bahati na ujuzi, bali ni kuwapo kwa fedha au kitu cha thamani kilichowekwa kutegemea matokeo ya mchezo. Mtu akiweka dola yake kwenye matokeo, amecheza kamari, hata awe bingwa. Baada ya hapo wakageukia nyumba. Ushahidi ulionyesha kwamba mwenyeji alikuwa na mchezo wa mara kwa mara, kwamba wachezaji aliwapata kupitia tovuti, na kwamba alikata fungu dogo kutoka kwenye kitita ili kulipia chakula na vinywaji. Vyote hivyo vikiwekwa pamoja, wakasema, vinatosha kuifanya nyumba ile mahali pa kamari. Hoja ya kwamba sheria haieleweki kiasi cha kukosa uhalali wa kikatiba nayo ikakataliwa. Hukumu za hatia zikarudishwa. Uamuzi haukuwa wa kauli moja, na ukizisoma hoja za pande zote unaona kwamba majaji wenyewe hawakufurahishwa na lugha ya sheria waliyopewa waifasiri.

Kwa upande wa karata naona mahakama ilikuwa sahihi, na si kwa sababu naidharau poka. Kipimo cha bahati na ujuzi kinamtaka hakimu apime kisichopimika kwa mizani moja. Mgawo mmoja peke yake una bahati nyingi, migawo elfu moja ina bahati kidogo; basi usiku mmoja wa watu wanane wenye dola 20 kila mmoja uhesabiwe upande gani?

Jambo hilo lilijitokeza vizuri zaidi katika kesi nyingine ya wakati ule ule, iliyohusu mtu aliyeendesha meza mbili za poka katika chumba cha nyuma cha ghala huko Staten Island, New York. Mnamo Agosti 2012 Jaji Jack Weinstein wa mahakama ya shirikisho aliandika uamuzi wa kurasa zipatazo 120, akipitia uchambuzi wa migawo milioni 415 iliyochezwa kwenye intaneti, akahitimisha kwamba poka inatawaliwa na ujuzi na kwamba haiingii katika sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu za kamari. Wachezaji wa nchi nzima walishangilia. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2013, mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi huo bila hata kuugusa ukweli wa takwimu zile. Ilisema tu kwamba sheria hiyo inaangalia kama biashara inavunja sheria ya jimbo na ina ukubwa uliotajwa, na sheria ya New York huhesabu kuwa kamari mchezo wowote ambao bahati ina sehemu ya maana ndani yake, hata kama ujuzi nao umo. Mara mbili basi, katika mahakama mbili tofauti, wataalamu waliaminiwa na washtakiwa wakaanguka.

Nirudi kwenye nyumba, kwa maana hapo ndipo kisa kilipo. Kati ya mambo matatu yaliyotajwa na mahakama, la fungu la mwenyeji ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Ni kweli kwamba hizo zilikuwa senti za piza na soda. Hakuna aliyedai kwamba mpangaji yule alitajirika. Lakini mwenye nyumba anapochukua sehemu ya kitita, anaacha kuwa mchezaji kama wenzake. Wao wanaweza kupoteza; yeye, kwa sehemu ile, hawezi kupoteza, maana kila mgawo unaochezwa unamwingizia kitu bila kujali nani kashinda. Kadiri watu wanavyocheza zaidi na kukaa zaidi ndivyo anavyopata. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kasino na mteja wake, na haijali kama kinachokatwa ni senti 50 au dola 5,000.

Majimbo mengine yameliweka jambo hili wazi, na ukiyapitisha mambo ya Mount Pleasant chini ya sheria zao unaona jinsi matokeo yanavyoshikamana na fungu hilo hilo. Texas inakubali utetezi wa mtu aliyecheza ikiwa ametimiza masharti matatu: mahali pawe pa faragha, asiwepo mtu aliyepata faida ya kiuchumi isipokuwa ushindi wake mwenyewe, na hatari ya kupoteza iwe sawa kwa wote, ukiacha tofauti ya ujuzi au bahati. Wachezaji wetu watano wangekwama kwenye sharti la pili kwa sababu ya mwenyeji wao, na pengine kwenye la kwanza kwa sababu ya ile tovuti. California nayo, katika kifungu cha 330 cha sheria yake ya jinai, imekataza michezo ambayo mwendeshaji hukata asilimia, na ndiyo maana karata za marafiki zisizokatwa chochote hazina tatizo huko. Uingereza imekwenda mbali zaidi katika uwazi. Sheria yake ya Kamari ya mwaka 2005 inaruhusu kamari ya faragha nyumbani bila leseni, lakini inakataza kumtoza mchezaji ada ya kushiriki, kwa jina lolote ada hiyo itakaloitwa. Maneno hayo ya mwisho yaliandikwa na mtu anayejua desturi za watu. Ukiita mchango wa piza, ukiita bakshishi ya mgawaji, ukiita shukrani kwa mwenye nyumba, bado ni ada.

Tofauti ni kwamba mkazi wa London au Houston anaweza kuisoma sheria yake na kujua mpaka uko wapi kabla ya kuwaita wageni. Mkazi wa Mount Pleasant hakuweza. Katika maandishi ya kifungu kile hakuna neno lolote juu ya fungu la mwenyeji, wala juu ya tovuti, wala juu ya idadi ya mikutano kwa mwezi. Viashiria hivyo vilitoka kwa mahakama, mwaka 2012, vikatumika kuhukumu usiku wa mwaka 2006. Hapa ndipo ninapotofautiana na majaji wale wa wingi. Kusema kwamba mtu wa kawaida angeelewa kutokana na maneno ya mwaka 1802 kwamba nyumba yake ya kupanga imevuka mstari kwa sababu ya senti za chakula ni kumtwika mzigo ambao hata mahakama tatu hazikuubeba kwa namna moja. Nikumbushe kwamba hakimu wa kwanza aliona kosa, wa pili hakuliona, na wa tatu walilirudisha kwa sababu tofauti na za wa kwanza.

Kuna jambo la kando ambalo siwezi kuliacha lipite. Katika miaka ya 1990 South Carolina ilijaa mashine za poka ya video, ambazo zilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2000. Mwezi Novemba mwaka huo huo wananchi walipiga kura kukubali bahati nasibu ya serikali, na tiketi zikaanza kuuzwa Januari 2002. Kwa hiyo polisi walipoingia katika nyumba ile, mkazi yeyote wa mji huo mwenye umri wa miaka 18 angeweza kwenda dukani akanunua tiketi za dola 20 za serikali, ambazo hazina chembe ya ujuzi ndani yake. Hoja hii haimsaidii mshtakiwa mahakamani, kwani bunge lina haki ya kuruhusu hiki na kukataza kile, lakini inaeleza kwa nini watu watano waliona faini ya dola 100 ni dhuluma ya kupiganiwa miaka sita.

Upo pia upande wa madai ambao wachezaji wengi hawaufikirii. Sheria za jimbo hilo hilo, zenye mizizi katika sheria ya Kiingereza ya mwanzoni mwa karne ya 18, zinampa mtu aliyepoteza dola 50 au zaidi katika kikao kimoja cha karata haki ya kumshtaki mshindi na kudai fedha zake ndani ya miezi mitatu. Asipofanya hivyo, mtu mwingine yeyote anaweza kufungua madai na kutaka mara tatu ya kiasi hicho. Meza ya dola 20 ilikuwa mbali na kiwango hicho, ila kwa anayeweza kuingia upya kila anapofilisika, 50 haiko mbali sana.

Mahakama haikusema ni kipi kati ya vile vitatu kingetosha peke yake. Mwenyeji anayewaalika majirani wale wale kila wiki, bila tovuti na bila kukata kitu, hakujibiwa. Anayetangaza kwenye intaneti lakini akanunua chakula kwa fedha yake mwenyewe hakujibiwa. Anayekata fungu usiku mmoja tu wa mwaka hakujibiwa pia. Kwa dhana yangu, wa kwanza yuko salama, wa pili yuko kwenye utelezi, na wa tatu amejitia hatarini zaidi ya wote, tena si kwa adhabu ya mchezaji. Kifungu kile kile kinachomtoza mchezaji dola 100 kinamwekea anayeitunza nyumba ya kamari kifungo cha hadi miezi 12 na faini ya hadi dola 2,000, na hapo hahesabiwi tena kama mmoja wa walioketi mezani.